Neno "bure" halimvuti ambaye hajawahi kulipa

Huku Ujerumani uchumi ulisinyaa 2023, ukasinyaa tena 2024, na ofisi za umma zikaanza kukagua ankara moja moja. Aprili 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini kabisa, lilitangaza kuwa kompyuta zake kama 30,000 zitaiacha Microsoft Office na kuhamia LibreOffice, programu huria ya ofisi isiyolipiwa leseni. Kufikia Oktoba 2025 akaunti za barua pepe zaidi ya 40,000 nazo zilikuwa zimehamishwa. Hoja waliyoitanguliza ni kujitegemea kidijitali, lakini leseni ikifutwa kwenye bajeti hata mhasibu aliyesinzia anaiona.

Hoja hiyo ya leseni ukiibeba hadi Kariakoo inaanguka. Pale fundi atakupigia Windows na Office ya kukraki kwa bei ya sahani tatu za chipsi. Leseni hailipwi, kwa hiyo hakuna cha kuokoa. Na lugha nayo si kisingizio: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu kwa Kiswahili. Mtaani watu waliendelea na Office ile ile ya kukraki.

Nyumbani hasara iko kwenye mashine. Windows 10 iliishiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Sasa angalia kompyuta za mtumba zinazotoka Ulaya: nyingi ni zile ambazo ofisi za huku zinazitupa kwa sababu hiyo hiyo. Mzungu anaitupa, sisi tunainunua kwa dola, kisha tunaambiwa imepitwa. Programu huria inaiongezea mashine hiyo miaka, na hapo ndipo mwenye duka ataelewa.

Chukua mpakato wa i5 ya kizazi cha sita, RAM GB 4, diski ya kuzunguka. Usianze na mfumo, anza na bisibisi: weka SSD (diski isiyozunguka) ya GB 240 na upandishe RAM hadi GB 8. Ukiruka hatua hii mashine itabaki nzito, na lawama zote zitaangukia Linux, mfumo huria utakaochukua nafasi ya Windows. Kisha pakua Linux Mint, toleo jepesi la Xfce. Faili lina karibu GB 3, basi lishushe mara moja, lihakiki kwa sha256 (namba ya kuthibitisha kuwa faili halijaharibika), liandike kwenye flashi, uzungushe flashi hiyo moja ofisi nzima. Kabla ya kufuta chochote, washa kwa flashi na ujaribu waifai, sauti na printa. Diski isipoonekana, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) ubadilishe hali ya diski kutoka RAID kuwa AHCI, ila nakili data kwanza, maana Windows ya zamani inaweza kugoma kuwaka baada ya hapo.

Vita halisi iko kwenye barua. Mteja anafika steshenari na barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa kwa Calibri. LibreOffice haina fonti hiyo, inaweza kuweka nyingine iliyo pana kidogo, mistari inasukumana, na sehemu ya sahihi na muhuri inadondokea ukurasa wa pili peke yake. Mteja anasema kompyuta yako mbovu, na kwa macho yake yuko sahihi. Dawa ni kuweka Carlito badala ya Calibri na Caladea badala ya Cambria. Vipimo vya herufi zake vinalingana, barua inarudi ukurasa mmoja. Ya kutuma nje itume kwa PDF.

Mengine hayatibiki kirahisi. Tally ya uhasibu, fomu ya Excel yenye makro ya iTax, mfumo wa kodi wa Kenya, printa za zamani kama Canon LBP2900: hayo yaachie kompyuta moja ya Windows, yenye leseni halali, usipoteze wiki nzima kulazimisha.

Jiji la München (Munich), huku huku Ujerumani, lilihamishia kompyuta zaidi ya 14,000 kwenye Linux kufikia 2013, na 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Siasa ilikuwemo, sikatai, lakini malalamiko ya watumishi kuhusu nyaraka kuvurugika yaliipa siasa hiyo mafuta. Mimi naamini leseni ukiiacha, sehemu ya pesa hiyo ni ya fundi. Kwetu leseni hailipwi, kwa hiyo pesa ya fundi itoke kwenye kompyuta ambayo hukununua mwaka huu.

Na fundi wetu ana sababu ya kuipinga Linux. Kila flashi yenye kirusi inapogeuza mafaili kuwa shotikati, yeye anapata mteja. (Flashi hiyo hiyo ukiifungua kwenye Linux, mara nyingi mafaili yaliyofichwa yanaonekana yote.) Basi usimlipe kwa kila anapopiga Windows, mlipe kwa mwezi: asasishe mashine usiku wakati bando ni rahisi, anakili data kwenye diski ya nje kila Ijumaa, na kila mwisho wa mwezi arudishe faili moja kutoka kwenye diski hiyo mbele ya macho yako, ulifungue mwenyewe.