Kijana Amerudi Nyuma Bila Kusogea

Asubuhi ya leo nimepokea barua pepe kutoka halmashauri ikinijulisha, kwa adabu kubwa, kwamba kijana wangu sasa ni wa 7 kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi ya shule ya sekondari. Wiki iliyopita alikuwa wa 4. Nimeisoma barua hiyo nikiwa nimevaa miwani, nikaisoma tena nikiwa nimeivua, kisha nikamwita mama watoto aisome kwa sauti, na 7 ikabaki kuwa 7. Foleni nimepanga nyingi maishani mwangu, nanyi wenzangu mnazijua, lakini sijawahi kuona foleni ambayo mtu aliyesimama mahali pake, bila kugombana na yeyote wala kwenda msalani, anakuta amerudishwa nyuma hatua tatu.

Tulikotoka hakuna haja ya kukueleza, kwa kuwa mzazi yeyote mwenye mtoto wa miaka 11 hapa England anakujua (nasema England kwa makusudi, maana Scotland wana utaratibu wao). Fomu tuliiwasilisha kabla ya tarehe 31 Oktoba, majibu yakatoka tarehe 1 Machi, na usiku wa kuamkia siku hiyo hakuna aliyelala nyumbani kwangu isipokuwa mhusika mwenyewe, ambaye alikoroma. Tukapewa shule tuliyoiandika ya tatu, na kwenye ile tuliyoiandika ya kwanza tukabaki kusubiri. Sina ubaya na shule hiyo, ila niliiandika kwa sababu mstari wa tatu ulikuwa mtupu na mimi sipendi kuacha fomu ikiwa na mapengo.

Basi nikapiga simu. Baada ya muziki wa kusubiri ambao sasa naweza kuuimba wote, akapokea dada mmoja mwenye sauti ya upole, upole ule wa mtu ambaye tangu asubuhi amekwishatukanwa na wazazi 40 na ameamua hatamjibu hata mmoja wao vibaya. Nilijitambulisha kwa heshima zote. Nikamweleza kwamba mimi ni mtu mzima, sina tabia ya kulalamika, ila ningependa kufahamu watoto hawa watatu waliompita kijana wangu wamempitia wapi.

Akaniambia kwamba familia zao zimehamia karibu na shule. Orodha ya kusubiri, kwa mujibu wa sheria, haiangalii nani alitangulia kusubiri, na kila jina jipya linapoingia, majina yote hupangwa upya kwa kufuata vigezo vile vile vya mwanzo. Nikamwambia sisi tunasubiri tangu tarehe 1 Machi, ilhali hawa wameanza kusubiri Alhamisi. Akasema ni kweli, bwana, ni Alhamisi.

Nikamwomba anisomee vigezo hivyo kwa utaratibu ili nijue ninapoangukia. Shule ina nafasi 180, akasema, na maombi yamezidi. Wa kwanza kabisa huingia watoto wenye mpango rasmi wa elimu, afya na malezi unaoitaja shule hiyo kwa jina. Wanafuata watoto wanaolelewa chini ya uangalizi wa halmashauri, pamoja na waliowahi kulelewa hivyo. Hapo sina neno, na mwenye neno akalisemee kwao. Kisha wanaingia watoto ambao kaka au dada zao wanasoma pale. Baada ya hao, umbali. Nikamuuliza kama hakuna kigezo cha mtoto mwenyewe. Akaniuliza nina maana gani. Nikamwambia huyu kijana anapiga tarumbeta, anasalimia wakubwa, na mwalimu wake ameandika kwamba ni furaha kuwa naye darasani. Akasema anafurahi kusikia hivyo. Kisha akarudi kwenye umbali.

Mtoto wa mwisho kupata nafasi kwa kigezo hicho, akanisomea, anaishi mita 1,397 kutoka shuleni. Wa kwangu anaishi mita 1,412.

Mita 15, ndugu zangu! Nilikaa kimya kidogo, nikaitazama sebule yangu, nikaikadiria kwa macho, na nikaona kwamba mwanangu amekosa shule kwa urefu wa sebule, jiko na kibaraza cha nyuma.

“Samahani, dada,” nikasema, “hizo mita mmezipima kutoka wapi?”

“Kutoka nyumbani kwako, bwana, hadi geti kuu la shule, kwa mstari ulionyooka.”

“Nyumbani kwangu sehemu gani?”

Akanieleza kwamba programu yao ya kompyuta ina nukta moja kwa kila anwani, na kwa nyumba yangu nukta hiyo iko katikati ya jengo. Nikiwa na simu sikioni nikaenda kuitafuta katikati ya jengo. Nikahesabu hatua kutoka mlango wa mbele, nikahesabu kutoka mlango wa nyuma, na mahali hatua zilipokutana nikakuta ni chini ya ngazi, kwenye kapu la nguo zinazosubiri pasi. Nikamwarifu kwamba mahali pale hapaishi mtu. Nikamwarifu pia kwamba kijana analala chumba cha mbele, na chumba cha mbele kiko karibu zaidi na shule kwa mita 6 kamili, nimezipima kwa futi kamba akiwa shahidi kwenye simu.

“Naelewa, bwana, lakini nukta ni ile ile kwa kila mtu.”

“Na tukianzia kwenye geti la bustani yangu badala ya kapu la nguo? Pale napata mita 7 nyingine.”

Nilisikia akibonyeza vitufe vya kikokotoo, jambo lililonipa matumaini makubwa.

“Jumla ni 13,” akasema. “Bado angepungukiwa na mita 2.”

“Huyu mtoto,” nikasema, na hapa sauti yangu ilikuwa imekwishapoteza utu uzima wote, “analala kichwa kikiwa upande wa dirisha.”

Kimya kikatanda upande wa pili. Kisha akaniambia, kwa upole ule ule, kwamba urefu wa mtoto hauingii kwenye hesabu.

Sikukata tamaa. Nilimuuliza kuhusu mstari wenyewe, kwa kuwa mimi njia hiyo naitembea na najua inapita wapi. Mstari wao ulionyooka unatoka kwenye kapu langu, unavuka reli mahali pasipo na daraja, unapenya ghala la matairi kutoka ukuta hadi ukuta, unakatiza bwawa la bata, na kufika getini bila hata kulowa. Kijana mwenye miguu analazimika kuzunguka, na mzunguko huo unazidi kilomita 2. Akakiri kwamba ziko shule zinazopima kwa njia ya kutembea kwa miguu, na kwamba zote mbili zinaruhusiwa mradi shule itangaze mapema kipimo ilichochagua na namna inavyokipima. Nikamuuliza kama kwa kipimo cha miguu kijana angepita. Akaangalia. Akasema kwa kipimo cha miguu angekuwa wa 31. Nikamshukuru kwa mstari ulionyooka na nikaomba tuuache ulivyo.

Nikamuuliza, kwa udadisi tu, wale wanaokaa ghorofa wanafanyaje. Kumbe kompyuta haipandi ngazi: wa chini na wa juu kabisa wana umbali mmoja, na wakigombea nafasi moja iliyobaki hupigwa kura ya bahati nasibu, tena kura hiyo lazima isimamiwe na mtu asiyehusika na shule. Mimi sina hata jirani wa juu wa kupigiana naye kura. Simu ilichukua dakika 50, na alipoagana nami alinitakia siku njema akimaanisha kweli.

Mama watoto, aliyekuwa amesimama karibu na kapu muda wote huo, aliniuliza kama nimemaliza kupima nguo zake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilijiandaa kwa mashindano ambayo hayakuwepo. Kijana nilimpiga picha akiwa na shati jipya, nikitarajia kuibandika kwenye fomu. Kumbe kanuni za udahili za mwaka 2021 zinakataza shule kuomba picha ya mtoto kwa ajili ya kumdahili. Nilimfundisha majibu ya usaili jioni za wiki tatu. Kumbe usaili kwa shule za kutwa umekatazwa. Nilitafuta mahali pa kuandika kazi yangu kwa maneno yanayoipendeza, sikupaona, kwa kuwa shule hairuhusiwi kuuliza. Siku ya wazazi kutembelea shule nilijitolea kupaka rangi mabenchi ya uwanjani, na mwalimu mkuu akanishukuru kwa uchangamfu wa mtu anayejua kwamba msaada wa mzazi hautakiwi kumpandisha mtoto hata nafasi moja. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, lakini huku hata uliojaa haulambwi. Na nilipoiandika shule hiyo ya kwanza kwa herufi kubwa, nikiamini uaminifu wangu utaonekana, nilikuwa naandikia upepo, kwani shule haitakiwi kumpendelea mtoto kwa sababu mzazi wake ameiweka ya kwanza. Halmashauri ndiyo inayoangalia mpangilio wangu, mwishoni kabisa, ili ikikuta shule zaidi ya moja zina nafasi ya kumpa inipe ile niliyoitaja juu zaidi.

Kanuni hizo si mbaya. Najua kabisa kwamba kama shule ingeruhusiwa kuuliza kazi yangu na kutazama shati la mwanangu, wale watatu wa Alhamisi wangekuwa wengi zaidi na wangefika kwa magari marefu zaidi. Lakini mtu akishazuiwa kumtazama mtoto, hubaki kuitazama nyumba, na nyumba iliyo karibu na shule nzuri haipangishwi kwa bei ya nyumba ya kwangu. Mwenye uwezo haendi kumbembeleza mwalimu. Anahamisha kapu lake la nguo.

Jamaa mmoja kazini alinishauri nipange chumba karibu na shule kwa miezi michache, tuhamishie barua huko na godoro moja la kuzugia. Nilipomweleza mama watoto akanikumbusha kisa cha halmashauri ya Poole, ambayo mwaka 2008 ilibainika kuwa imeipeleleza familia moja kwa karibu wiki tatu, ikifuatilia nyendo za mama na watoto wake, ili ithibitishe kama kweli wanaishi katika eneo la shule waliyoiomba. Walikuwa wanaishi. Mwaka 2010 baraza linalosikiliza mashauri ya upelelezi likaamua kwamba halmashauri ilivunja sheria, lakini mama watoto alisema yeye hawezi kutoa takataka nje akiwa na wasiwasi kwamba mtu yuko kwenye gari lililoegeshwa anaandika saa. Wazo hilo likafia hapo. Mwingine anayetaka shule ya kanisa ameanza kufika ibadani Jumapili kabla ya padri.

Kuna wakati naona bora kura ingetumika kwa wote. Halmashauri ya Brighton na Hove ilipitisha jambo hilo mwaka 2007: shule ikiombwa na watoto wengi wa eneo lake kuliko nafasi ilizo nazo, kura ndiyo iamue badala ya futi kamba. Wazazi wa karibu walikasirika sana, na nilipolisoma jambo hili kwa mara ya kwanza, nikiwa bado naamini mimi ni mzazi wa karibu, nilikasirika nao. Sasa nimegeuka. Mtu akishakosa kwa mita 15 huona haki kubwa sana ndani ya chungu cha kura.

Jirani yangu, ambaye nyumba yake ni ya nne kutoka kwangu upande ule wa mbali, mtoto wake wa tatu ameingia bila hata kupimwa, kwa sababu dada yake yuko kidato cha juu pale pale. Nilimkuta akiosha gari akipiga mluzi. Nilimweleza mama watoto kwamba kosa letu ni la mpangilio wa uzazi. Tungekuwa na mtoto mwingine miaka minne kabla, tukiwa bado tunaishi ile nyumba ya zamani iliyokuwa nyuma ya shule, leo tungekuwa tunapiga mluzi. Hakunijibu, na kwa namna alivyoshika pasi sikurudia.

Imebaki rufaa. Nimepewa siku 20 za shule za kuiwasilisha mbele ya jopo la watu watatu wasiohusika na shule, ambao kwanza watataka shule ithibitishe kwamba kuongeza mtoto kutawaumiza waliomo, kisha watapima kama haja ya mwanangu ni nzito kuliko maumivu hayo. Fomu ina kisanduku cha sababu. Nimeandika tarumbeta. Nimeandika reli. Kuhusu kapu la nguo nimeandika aya nzima, nikaifuta, nikairudisha.

Jioni hii nimetoka kunyoosha miguu na, kwa bahati mbaya tu, miguu imenifikisha mtaa wa nyuma ya shule. Mbele ya nyumba iliyokuwa na kibao cha kupangisha limeegeshwa lori la kuhamisha mizigo, milango ya nyuma iko wazi. Nimesimama ng'ambo ya barabara nikijifanya nafunga kamba za viatu. Wameshusha kochi, wameshusha friji, wameshusha kitanda kikubwa, kisha kitanda kidogo chenye vizuizi pembeni, cha mtoto wa miaka mitatu hivi, nami nikashusha pumzi. Halafu mbeba mizigo akapanda tena, akashuka na kitanda cha kati kwa kati, na nyuma yake akafuata mvulana aliyekumbatia mpira, mrefu kama wa kwangu, akanitazama na kunisalimia vizuri sana.