Nani Alilijenga Kanisa la Bruton?

Habari za kuanzishwa kwa parokia ya Bruton, huko Virginia nchini Marekani, huanza karibu kila mara na mtu mmoja, Kanali John Page, kana kwamba kanisa liliota lenyewe juu ya ardhi yake. Page alihama kutoka Uingereza mnamo 1650 hivi, akatajirika kwa biashara na mashamba mahali palipoitwa Middle Plantation, ambapo baadaye pakawa mji wa Williamsburg. Parokia iliundwa mwaka 1674 kwa kuunganisha parokia mbili ndogo. Page akatoa kiwanja cha kanisa na makaburi, akaongeza pauni 20, na kanisa la kwanza la matofali likakamilika mwaka 1683.

Siwezi kumwita mnafiki. Mwaka 1687 alimwandikia mwanawe Matthew maandishi marefu ya kumwelekeza katika dini, na familia yake ilikuwa imeonja hofu ya kweli: katika uasi wa mwaka 1676, ambapo mlowezi Nathaniel Bacon aliongoza watu dhidi ya gavana wa Virginia, mkewe Alice alikuwa miongoni mwa wake wa wakubwa waliokamatwa na kusimamishwa mbele ya ngome wawe ngao, waasi wakichimba mahandaki nyuma yao. Mama huyo anastahili kukumbukwa kwa jina lake mwenyewe.

Hata hivyo, kanisa halijengwi kwa pauni 20. Parokia za Virginia, wakati huo koloni la Uingereza, ziliendeshwa kwa kodi ya lazima iliyolipwa kwa ratili za tumbaku na kukadiriwa kwa kila kichwa cha mtu wa kazi, na tangu mwaka 1643 mwanamke wa Kiafrika alihesabiwa katika kodi hiyo, ilhali mke wa mlowezi hakuhesabiwa. Aliyeipeleka tumbaku ni bwana, lakini walioipanda, kuivuna na kuikausha ni vibarua wa mkataba waliotoka Uingereza pamoja na Waafrika waliofanywa watumwa. Hata ardhi yenyewe ilitokana na watu: mlowezi aliyelipa nauli ya mtu wa kuletwa Virginia alistahili kupewa ekari 50, na ekari hizo zilikuwa za wenyeji waliosukumwa nje. Kwa hiyo tunaposema kwamba mlowezi "alitoa" ardhi, tunataja hatua ya mwisho tu ya safari ndefu.

Jambo linaloniuma zaidi ni sheria ya mwaka 1667. Miaka saba kabla parokia hii haijaundwa, baraza la kutunga sheria la Virginia liliamua kwamba ubatizo haumwondolei mtumwa utumwa wake, ili mabwana waweze kueneza Ukristo bila kuhofia kupoteza mali. Kisima cha ubatizo kikawekewa mpaka kabla ya matofali kupangwa. Katika karne ya 18 rejista ya Bruton ikajaa majina ya mamia ya watoto watumwa waliobatizwa, mengi yakiwa jina moja tu, na kando yake jina la mmiliki.

Watu hao walijianzishia kanisa lao. Mwaka 1776 Waafrika wa Williamsburg, watumwa na walio huru, walianza kukusanyika kama Wabaptisti, na baadaye wakaongozwa na Gowan Pamphlet, mhubiri aliyekuwa bado mtumwa katika nyumba ya wageni. Hawakuwa na kanali wala kodi ya tumbaku. Jengo lao la mwaka 1856 lilibomolewa katika miaka ya 1950, na uwanja wake ukafunikwa kwa lami ili magari yaegeshwe. Wanaakiolojia walipoanza kuchimba mwaka 2020 walikuta msingi wa jengo la awali na makaburi zaidi ya 60.

Jiwe la kaburi la John Page limehifadhiwa ndani ya kanisa la Bruton, na sioni sababu ya kuliondoa. Ninachodai ni kwamba anayesimulia mwanzo wa parokia hiyo aisome hati ya kiwanja pamoja na hesabu ya tumbaku, na awataje waliohesabiwa humo katika pumzi ileile anayomtajia Page.