Tatizo Si Urefu Wangu, Ni Kikinga Jua Chenu

"Dada, gari halina tatizo lolote. Ni urefu wako tu."

Hayo niliambiwa wiki iliyopita na fundi wa kampuni iliyoniuzia gari. Alikaa kwenye kiti changu, akashusha kikinga jua, kile kibamba cha darini mbele ya dereva, akakipandisha, akakishusha tena, kisha akatoa hukumu. Yeye ni mrefu. Akikaa pale, ukingo wa chini wa kikinga jua unamjia usawa wa nyusi. Nikikaa mimi unaishia juu huko, na kati ya ukingo ule na dashibodi jua la asubuhi limeachiwa mlango wazi. Hasira niliyotoka nayo pale haijapoa mpaka leo.

Sikwenda kwao kulalamikia starehe. Siku tatu kabla nilikuwa naelekea mashariki, jua limechomoza si muda mrefu, lami bado ina maji ya mvua ya usiku, kwa hiyo mwanga ulikuwa unanipiga kutoka juu na kutoka chini. Kikinga jua nilikuwa nimekishusha mpaka mwisho. Miwani ya jua nilivaa. Mwendo ulikuwa kilomita 40 kwa saa, yaani mita 11 kila sekunde. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu palikuwa na mwanamke amemshika mtoto mkono, na mimi sikuwaona. Nilichokiona ni gari la upande wa pili limesimama, nikakanyaga breki kwa sababu ya gari lile. Wale watu niliwaona walipokuwa tayari mbele ya boneti yangu: kwanza soksi nyeupe za mtoto, halafu miguu, halafu mtu mzima.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza mtu mzima mwenye macho mazuri anawezaje kuwakosa watu wawili mchana kweupe. Jibu lake linaeleweka. Mwanga mkali ukiingia jichoni haubaki pale ulipolenga. Unasambaa ndani ya jicho lenyewe, unatandaza ukungu mweupe juu ya kila kitu unachokitazama. Wataalamu wa macho wanalijua hili tangu miaka ya 1920, na wanajua pia kanuni yake: ukipunguza nusu ya pembe kati ya mwanga na kitu unachokitazama, ukungu unakuwa mzito takriban mara nne. Kwa hiyo mtu aliyesimama karibu na mstari wa jua ndiye anayefutika kabisa. Wenye umri mkubwa wanaumia zaidi kwa sababu lenzi ya jicho hupoteza uwazi wake mwaka hadi mwaka, na mwenye mtoto wa jicho anaweza kupotelewa na barabara nzima.

Sasa nyoosha mkono wako mbele na usimamishe kidole gumba. Upana wa kidole hicho unafunika takriban nyuzi mbili za anga. Jua lenyewe lina upana wa nusu ya uzi mmoja. Kinachonipofusha asubuhi kinafunikika kwa robo ya kidole gumba! Kikifunikwa, ule ukungu unaondoka papo hapo, kwa sababu ulikuwa ndani ya jicho langu na si barabarani. Yule mtoto angerudi na soksi zake na begi lake. Kilichohitajika ni kitu chochote, hata kidogo, kikae mahali panapostahili.

Na hapo ndipo hoja yangu ilipo, naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo. Nilichukua rula nikapima. Macho yangu yakiwa kwenye kiti yapo sentimita 8 chini ya macho ya yule fundi. Ukingo wa kikinga jua upo kama sentimita 40 kutoka usoni. Tofauti hiyo ni pembe ya takriban nyuzi 11. Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Maana yake, jua ambalo kwa yule fundi limeshajificha nyuma ya kikinga jua, kwangu mimi litaendelea kuwa wazi kwa dakika 45 zaidi. Dakika 45 kila asubuhi, na nyingine 45 jioni kwa anayerudi nyumbani akielekea magharibi. Na hiyo ndiyo hali nafuu, kwa sababu kadiri unavyokwenda mbali na ikweta jua hupanda kimshazari, likakaa chini muda mrefu zaidi. Dakika hizo ndizo za watoto kwenda shule na watu wazima kwenda kazini. Mtu akiniambia tatizo ni urefu wangu, anataka nikubali kwamba muda huo barabara si yangu.

Kiti kinasogea mbele na nyuma, kinapanda, kinalala. Usukani unapanda na kushuka. Mkanda una kipande cha kuuteremsha begani. Vioo vya pembeni vinageuzwa kwa kitufe. Kila kitu mbele ya dereva kimekubali kwamba watu hatulingani, isipokuwa hili bamba lililofungwa kwenye dari, ambalo lina mwendo wa aina mbili tu: kushuka, na kugeuka pembeni kwenye kioo cha mlango. Na likigeuka pembeni, mbele pamebaki uchi. Aliyewahi kuendesha kwenye barabara ya kona nyingi jua likiwa chini anajua ninachosema. Kona hii jua liko mbele, kona ijayo liko ubavuni, mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine unahangaika na kile kibawaba. Halafu kuna ile nafasi ya katikati, nyuma ya kioo cha ndani, ambapo vikinga jua viwili havikutani. Watengenezaji wengi wameziba hapo kwa vitone vyeusi juu ya kioo cha mbele. Vinasaidia kiasi, jua likipita hapo hasa.

Wala si kwamba dawa haijulikani. Yapo magari yenye kikinga jua kinachoteleza kwenye fimbo yake ukakisogeza kushoto au kulia. Yapo yenye kipande cha ziada kinachovutwa. Yapo yenye viwili vilivyopandana, kimoja kinabaki mbele na cha pili kinageuzwa mlangoni. Hakuna teknolojia ngumu hapo, ni plastiki na chuma. Nikiviona kwenye gari la mtu huwa naviangalia kwa wivu wa kweli. Na mwaka 2020 kampuni ya Kijerumani ya Bosch ilionyesha kikinga jua cha kioo kinachopitisha mwanga, chenye kamera inayotazama uso wa dereva. Kioo hicho kimegawanywa vipande vidogo mfano wa sega la nyuki, na kinachoingia giza ni vile vipande tu vinavyotupa kivuli kwenye macho. Uso wote uko kwenye mwanga, macho yako kivulini, barabara inaonekana. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi, kwa sababu hatimaye mtu alikuwa ameanza na macho ya dereva, dari baadaye. Ila mimi sidai kamera. Nadai kipande kinachoshuka sentimita 8.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba watengenezaji wana hoja moja. Bamba lisilopitisha mwanga likirefushwa ovyo litamzibia mtu mrefu. Rafiki yangu ana urefu wa karibu mita mbili, na akishusha kikinga jua haoni taa za kuongozea magari mpaka ajikunje kama anachungulia chini ya mlango. Yeye naye ameonewa, kwa upande wa pili. Lakini hoja hiyo inaniunga mkono mimi. Bamba moja lisilobadilika halimfai mfupi wala mrefu, kwa hiyo fanyeni libadilike, na sehemu ile ya chini iwe ya kiza chenye kupitisha mwanga, si kadibodi iliyovikwa kitambaa.

Kwa sasa wengi tunajisaidia kwa vile vipande vya plastiki ya giza vinavyobanwa kwenye kikinga jua. Nimenunua, na kwa jua vimenifaa. Mchana kuna mwanga mwingi hata wa kumwaga, ukiupunguza mara kadhaa bado mtu aliyevaa nguo nyeusi utamwona. Ila kibane vizuri, kisije kikadondoka wakati unapinda, na usikishushe kuliko unavyohitaji. Miwani ya jua pia inasaidia, hasa yenye polaraiza, ambayo inakata ule mng'ao unaoruka kutoka kwenye lami yenye maji. Angalia tu isiwe ya daraja la 4, kwa maana hiyo ni nyeusi mno na haifai kuendeshea gari. Na safisha kioo cha mbele kwa ndani! Utando wa mafuta mafuta ulioganda pale hauonekani mpaka jua liupige.

Lakini vile vipande vinauzwa viwili viwili, cha giza cha mchana na cha njano cha "usiku". Hapa nasema kwa sauti: hicho cha njano kitupe.

Usiku mambo ni tofauti kabisa. Taa za gari linalokuja ziko usawa wa barabara, palepale unapotazama, kwa hiyo huwezi kuziziba bila kuiziba barabara. Ukiweka kioo chenye rangi, kinapunguza mwanga wa zile taa na kinampunguza kwa kiwango kilekile mtu anayetembea pembeni mwa barabara. Taa zilikuwa kali sana, sasa ni kali kidogo, macho yanashukuru. Yule mtu alikuwa anaonekana kwa shida, sasa haonekani. Mwaka 2019 watafiti walijaribu miwani ya njano kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji wa usiku, wakachapisha matokeo katika jarida la JAMA Ophthalmology: haikuwasaidia madereva kuwaona waenda kwa miguu, wala taa za mbele zilipowapiga. Inakufanya ujisikie unaona, na hisia hiyo ndiyo hatari yake.

Palikuwa na wazo la kweli la usiku, na linaniuma kila nikilikumbuka. Edwin Land, kijana wa Marekani aliyeanza na karatasi za polaraiza, yaani zinazopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu, mwishoni mwa miaka ya 1920 na baadaye, mwaka 1937, akaanzisha kampuni ya Polaroid, alizitaka hasa kwa ajili ya magari. Weka kichujio kwenye kila taa ya mbele, na kingine mbele ya dereva kwenye kikinga jua, vyote vimeinama nyuzi 45 upande uleule. Magari mawili yakikabiliana, mwinamo wa moja na wa jingine unakatana kama alama ya X, na taa za mwenzako zinafifia karibu na kuzimika. Mwanga wa taa zako mwenyewe, ukigonga barabara na kurudi, bado unapita. Kikinga jua kinachokinga usiku! Watengenezaji wa magari hawakulichukua. Vichujio vinameza zaidi ya nusu ya mwanga, kwa hiyo zingehitajika taa zenye nguvu zaidi, na faida ingekuja pale tu karibu kila gari likiwa navyo. Naelewa hesabu yao. Lakini tangu hapo nguvu ya taa imeongezeka na kuongezeka, na kinga ya anayekuja mbele imebaki ni adabu ya dereva mwenzake.

Kwa hiyo usiku kazi iko kwenye taa, na nyingi ni kazi yetu wenyewe. Taa za kawaida zinatakiwa ziiname. Kwa magari mengi ni sentimita 10 kwa kila mita 10. Ukijaza mizigo nyuma, pua ya gari inanyanyuka na taa zako zinaingia machoni mwa watu. Kile kigurudumu kidogo chenye namba 0 hadi 3 karibu na usukani ndicho cha kuziteremsha, na nimewauliza madereva watano, wawili tu ndio waliokijua. Balbu za LED zinazochomekwa kwenye taa iliyoundwa kwa ajili ya halojeni zinarusha mwanga hovyo, kwa kuwa riflekta ile, yaani kioo cha ndani ya taa kinachorusha mwanga mbele, ilipimwa kwa chanzo cha umbo jingine. Zipo pia taa zinazojifunika zenyewe sehemu ile lilipo gari linalokuja. Ulaya zilikubalika mapema, Marekani ikaziruhusu mwaka 2022. Zikifika kwenye magari ya kila mtu nitashukuru. Kwa leo, ukipigwa taa, punguza mwendo na utazame mstari wa ukingo wa upande wako, na ukipigwa kutoka nyuma, kile kioo cha ndani sukuma kile kikono chake cha chini.

Juzi nimewaandikia wale walioniuzia gari. Nimeweka mchoro: macho yangu, macho ya fundi wao, ukingo wa kikinga jua, sentimita 8, sentimita 40, nyuzi 11, dakika 45. Nimewaomba waupeleke kiwandani, kwa wanaochora dari. Nimewaeleza pia kuhusu yule mtoto na soksi zake nyeupe, kwa sababu kwenye mchoro haonekani.