5G: Kasi Ipo, Inakufaa Nini?

Mwenye simu ya 5G, yaani kizazi cha tano cha mtandao wa simu, ameshauona mchezo huu: ukiwa nje alama inasoma 5G, ukiingia chumbani inashuka 4G, ukisogea dirishani 5G imerudi. Simu haina kasoro. Jina ni moja, ila masafa ya mawimbi ya redio yanayobebwa na jina hilo, yanayopimwa kwa gigahezi, yanatofautiana mno. Yaliyo chini ya gigahezi 1 hufika mbali na kupenya kuta, lakini kasi yake mara nyingi haipishani sana na 4G nzuri. Yale ya gigahezi 24 na kuendelea ndiyo yenye maajabu ya kwenye matangazo, nayo huzuiwa na ukuta, majani ya mti, hata kiganja kilichoishika simu. Katikati, kwenye gigahezi 3.5 hivi, ndiko tegemeo la wengi.

Sasa tuhesabu. Shirika la ITU la Umoja wa Mataifa, linaloweka vigezo vya teknolojia hizi, liliitaka 5G ifikie kilele cha gigabiti 20 kwa sekunde, na megabiti 100 kwa mtumiaji wa kawaida mjini. Tuchukue hizo 100. Video safi ya HD huridhika na megabiti 5 hivi. Zinazobaki jicho halizioni. Bando ndilo linaloziona: kwa kasi hiyo, gigabaiti 1 inapakuliwa kwa sekunde 80 (baiti moja ni biti nane). Programu nyingi za video zikigundua mtandao una nguvu hupandisha ubora zenyewe bila kukuuliza, kisha unabaki kushangaa kifurushi kimekwenda wapi.

Je, wanaoisifu wanatudanganya? Hapana, ila wanasifia kasi wakati utamu uko kwenye nafasi. Kumbuka uwanja wa mpira uliofurika: baa za mtandao zimejaa, lakini picha uliyotuma inazunguka tu, haiendi. Mnara wa 5G una antena nyingi zinazoelekeza mawimbi kule zilipo simu badala ya kuyamwaga kila upande, na kigezo cha ITU ni vifaa hadi milioni 1 katika kilomita moja ya mraba. Kwangu mimi hiyo ni faida kubwa kuliko kushusha filamu kwa dakika moja. Nyingine ni intaneti ya nyumbani: pale ambapo faiba haijafika, kifaa kimoja cha kupokea 5G kinaweza kuhudumia familia nzima bila mtaro kuchimbwa.

Ahadi ya 5G kuitika ndani ya milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, ningeiweka kando kwanza. Kampuni nyingi zilianza kwa kuweka redio za 5G juu ya mitambo ya ndani ya 4G, kwa hiyo alama ni mpya, moyo ni wa zamani.

Na tayari 6G inanukia. ITU ilipitisha dira yake mwaka 2023, na inatarajiwa kuanza karibu na 2030. 4G ilizinduliwa Stockholm na Oslo mwaka 2009, 5G ikafuata Korea Kusini mwaka 2019. Ni mwendo wa miaka kumi kumi. Simu yako ya 4G ikiwa bado inafanya kazi vizuri, sioni sababu ya kuiacha. Ikifa, nunua ya 5G, lakini kwanza hakikisha inapokea masafa ya kampuni yako ya simu, hasa kama imetoka nchi nyingine. Na siku ukiona chaji inakwisha upesi mahali ambapo 5G inakuja na kupotea, ingia kwenye mipangilio uirudishe 4G.