Refa mpya wa kikapu, anza na miguu

Marefa wapya wa mpira wa kikapu, wengi wao walimu wa michezo na vijana waliowahi kucheza sekondari, karibu wote huanza kwa kukaririshwa namba na ishara za mikono. Sekunde 3 ndani ya boksi, lile eneo lililochorwa mbele ya ringi, sekunde 5 za kuurudisha mpira mchezoni, sekunde 8 za kuvuka nusu, sekunde 24 za kushambulia. Robo nne za dakika 10. Faulo 5, mchezaji anatoka. Wanajua ngumi juu ni faulo, kiganja wazi ni kosa lisilo la mgusano. Halafu mechi inaanza, kijana mwenye jezi namba 7 anakata ndani kwa kasi, watu wanapiga kelele, na katika namba zote zile hakuna hata moja inayomwambia refa kama yule kijana ametembea na mpira au hajatembea.

Naamini tunawafundisha kinyumenyume. Kanuni zinazoamua mechi ya kikapu, sehemu kubwa ziko miguuni. Refa mpya akiweza kusoma miguu, mengine atayapata taratibu, tena mengi yana saa na watu wa mezani wa kumsaidia. Asiyeweza kuisoma atapuliza kipyenga kwa kufuata kelele za benchi.

Nianze na hatua, maana hapo ndipo jukwaa zima linapojifanya refa. Mchezaji aliyesimama na mpira mikononi, miguu yote chini, ana uhuru wa kuchagua mguu wa pivoti, yaani ule anaouzungukia bila kuuhamisha: anapoinua mmoja, ule uliobaki chini ndio pivoti. Akitaka kudunda, mpira lazima umtoke mkononi kabla pivoti haijanyanyuka. Akitaka kutoa pasi au kurusha, anaruhusiwa kuinyanyua pivoti, hata kuruka, mradi mpira umtoke kabla mguu haujarudi chini. Watu wengi wanachanganya hayo mawili. Kijana akinyanyua pivoti na kurusha vizuri kabisa, utasikia "hatua hiyo!" kutoka pande zote, na refa asiyejiamini anapuliza.

Aliye kwenye mwendo hesabu yake ni nyingine. Tangu Oktoba 2017 kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinasema wazi kwamba mguu ambao tayari uko chini wakati mchezaji anaupata mpira hauhesabiwi. Baada ya hapo ana hatua mbili. Mtazame mshambuliaji anayetoka pembeni kulia: mdundo wa mwisho, kiganja kinaingia chini ya mpira, mpira unatulia mikononi, na wakati huo mguu wa kushoto uko chini. Huo ni sifuri. Kulia, moja. Kushoto, mbili. Anaruka na kuweka mpira kikapuni. Jukwaa limehesabu tatu, na jukwaa limekosea. Kwa hiyo swali la kwanza la refa si "amepiga hatua ngapi?" bali "mpira umetulia mikononi mguu upi ukiwa chini?" Ukilijibu hilo, kinachobaki ni kuhesabu mpaka mbili. Na kama mchezaji huyo ameudaka mpira akiwa kwenye mwendo na anataka kuanza kudunda, auachie kabla ya hatua ya pili.

Wapo wakongwe wanaoona kanuni hii imelegeza mchezo. Sikubaliani nao. James Naismith alipoandika kanuni 13 za kwanza pale Springfield, Massachusetts, mwaka 1891, alikataza kukimbia na mpira mkononi, lakini palepale akaweka nafuu kwa mtu aliyeudaka akiwa kasi na anajaribu kusimama. Mtu anayekimbia hawezi kuganda ghafla. Hilo lilijulikana tangu siku ya kwanza.

Jambo moja la viwanja vyetu vya saruji, vyenye vumbi na mchanga juu. Mchezaji akianguka na mpira mikononi akateleza sakafuni, hilo si kosa, hata akiteleza mita nzima. Kosa linakuja pale anapobiringika, au anapojaribu kusimama akiwa bado ameushika. Nimeona mipira mingi ikichukuliwa kutoka kwa watoto wa watu waliogombania mpira kwa moyo wote, eti kwa sababu wameteleza. Inauma, na inawafundisha wasijirushe tena.

Sasa mgusano, ambako ndiko marefa wapya wanakoteseka zaidi. Kuna imani imeota mizizi kwamba mlinzi lazima asimame kama mlingoti ndipo faulo iwe ya mshambuliaji. Si kweli. Kanuni inamtaka mlinzi apate kwanza nafasi halali: amkabili mpinzani wake, miguu yote miwili chini. Akishaipata, anaruhusiwa kusogea pembeni au kurudi nyuma ili aendelee kuishika, na anaruhusiwa kuruka juu wima ndani ya nafasi yake. Mshambuliaji mwenye mpira hana haki ya kudai muda wala umbali. Anatakiwa ategemee kukabwa wakati wowote. Akimvaa kifuani mlinzi wa aina hiyo, faulo ni yake, hata kama mlinzi alikuwa anasogea pembeni.

Kinachomwondolea mlinzi haki ni kuchelewa. Mshambuliaji akishanyanyuka hewani, njia yake ya kutua imefungwa kwa wengine wote. Anayeingia hapo baada ya kuruka kwake ndiye mwenye kosa. Ndiyo maana namsihi refa mpya aache kumtazama mwenye mpira na amtazame anayemkaba. Mwenye mpira atakuvutia tu, ndiye mwenye mbwembwe. Lakini jibu liko kwenye miguu ya mlinzi: ilifika kabla, au ilifika baada? Ukiwa umeiona, utapuliza kwa sauti moja na mkono hautatetemeka.

Skrini, yaani mshambuliaji kujiweka njiani mwa mlinzi ili mwenzake apate upenyo, ni somo hilohilo kwa sura nyingine. Anayeweka skrini awe ametulia, miguu yote chini, wakati wa kugusana. Akisogeza nyonga au kutanua goti kumzuia anayepita, ni faulo. Hapa, tofauti na kwa mwenye mpira, muda na umbali vinahesabika: skrini ikiwekwa nje ya upeo wa macho ya mlinzi, kwa mfano mgongoni, aachiwe angalau hatua moja ya kawaida ya kuelekea kwenye skrini bila kugusana. Marefa wapya karibu hawazioni faulo hizi, kwa kuwa macho yote yamefuata mpira.

Mistari nitaipitia haraka. Mstari wa pembeni ni nje, si ndani. Mchezaji aliye hewani anahesabiwa yuko pale alipogusa sakafu mara ya mwisho, kwa hiyo anayeruka kutoka ndani na kuurudisha mpira kabla hajatua nje ameuokoa kihalali. Mstari wa pointi tatu, mita 6.75, ni sehemu ya eneo la pointi mbili. Ncha ya kiatu ikiugusa wakati wa kuruka, ni mbili. Na anayedunda akivuka nusu hajahesabiwa amevuka mpaka miguu yote miwili na mpira viwe upande wa mbele kabisa. Mguu mmoja ukirudi kabla ya hapo, si kosa, wapige kelele wanavyotaka.

Kuna sehemu moja ambayo sina subira nayo: mguu unaowekwa chini ya mrushaji. Mtu ameruka, amerusha, mpira umeshaondoka, na mlinzi anasogeza unyayo wake pale mwenzake anapotua. Kifundo cha mguu kinapinda na kijana anakaa nje msimu mzima, na kwetu wengi hawana daktari wa timu wala pesa za picha ya eksirei. Refa mpya haoni, kwa sababu shingo imeinuka kufuata mpira kuelekea kwenye ringi. Kanuni inamlinda mrushaji mpaka miguu yake yote miwili irudi sakafuni. Ni faulo aliyofanyiwa mrushaji: mpira ukiingia, kikapu kinahesabiwa na anaongezewa mtupo huru mmoja, usipoingia, miwili au mitatu kulingana na alipokuwa. Na refa akiona mlinzi amefanya makusudi, au kwa nguvu isiyohitajika, asione haya kuita faulo isiyo ya kiuanamichezo. Mpira utaingia au hautaingia bila msaada wa macho yako. Baki na mrushaji mpaka atue.

Hayo yote hayaonekani kama miguu ya refa mwenyewe imelala. Kwa marefa wawili, mmoja anakaa mbele nyuma ya mstari wa mwisho, mwingine anafuata nyuma ya mashambulizi, na wote wanasogea ili waione ile nafasi iliyopo kati ya mshambuliaji na mlinzi. Ukisimama nyuma ya mgongo wa mmoja wao, unachokiona ni jezi tu, na hapo unaanza kukisia. Hatua mbili za pembeni kwa wakati wake zinaweza kukufunulia kila kitu. Ishara za kuvutia na sauti nene havisaidii.

Najua watakaosema namba nazo ni kanuni. Ni kweli. Lazima ujue kwamba timu ikishafikisha faulo 4 katika robo, zinazofuata ni mitupo huru miwili, isipokuwa faulo ya timu yenye mpira. Lazima ujue kwamba rebaundi ya washambuliaji, yaani kuudaka tena mpira uliokosa kikapu, baada ya mpira kugusa ringi inarudisha saa ya kushambulia kwenye 14, si 24. Lakini hayo mwalimu anaweza kuyaandika kwenye karatasi moja ukayasoma kwenye daladala. Miguu haifundishwi kwenye karatasi. Mpeleke refa mpya kwenye mazoezi ya timu yoyote ya mtaani, mnyang'anye kipyenga, mwambie kwa saa nzima atazame kuanzia magotini kwenda chini na aseme kwa sauti: sifuri, moja, mbili, kabla, baada. Wiki chache tu za hivyo zitamfaa kuliko siku tano za darasani.

Na kuna kazi moja ningependa vyama vya mikoa viwape marefa wapya siku ya kwanza ya kozi. Viwanja vingi vya shule havina ile nusu duara iliyo chini ya ringi, ambayo mshambuliaji aliye hewani akimgonga mlinzi aliyesimama ndani yake haihesabiwi faulo ya kushambulia, ila kama ametumia mikono au miguu isivyo halali. Bila mstari huo, refa anakisia na wachezaji wanabishana. Kitovu chake kiko chini ya katikati ya ringi, mita 1.575 kutoka mstari wa mwisho, na kamba ya mita 1.25 inatosha kuuzungusha. Wapewe msumari, kamba na kopo la rangi, wauchore wenyewe pande zote mbili kabla ya mechi za wilaya za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, kuanza.