Nimeanza Kulipa, Heshima Imekwisha

Nilipokuwa nadaiwa nilikuwa mtu mwenye heshima zangu. Mangi wa duka la kona alinisalimia kabla sijafika. Bodaboda wa kijiweni waligombea kunibeba. Kwenye vikao vya harusi nilikaa viti vya mbele na wazee. Mfukoni sikuwa na kitu, lakini hakuna aliyejua. Sasa nimeanza kulipa, na mtaa mzima unajua sina hela.

Aliyeniponza ni shemeji yangu, mdogo wake mama watoto. Binti huyu ni afisa mikopo wa Saccos fulani hapa Dar, na ana ile tabia ya watu wa mikopo ya kukuuliza jambo huku anakutazama machoni. Alikuja Jumapili, akala pilau yangu vizuri tu, akanawa mikono, kisha akatoa kwenye mkoba kaunta buku mpya ya kwaya mbili.

"Shemeji, hebu tuwataje wanaokudai. Mmoja mmoja, usiwe na haraka."

Nikataja watatu. Mke wangu akiwa jikoni, bila hata kugeuka, akataja wa nne mpaka wa kumi na moja. Kumbe mwenzangu alikuwa na orodha kichwani miaka yote hii, anasubiri tu atokee mtu mwenye kalamu.

Slipu ya mshahara ndiyo iliyofuata. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Jiografia, na slipu yangu siyo ya kuonyesha wageni. PAYE, kodi ya mshahara, inachukua chake. PSSSF, mfuko wa pensheni, wanachukua asilimia 5 ili nisije nikafa njaa uzeeni. Bima ya afya asilimia 3. Chama cha walimu asilimia 2. Bodi ya Mikopo, ambao walinikopesha nikasome chuo kikuu ili nipate kazi ya kuwalipa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Halafu benki, ule mkopo wa kujengea nyumba ambayo mpaka leo imesimama kwenye lenta na mbuzi wa jirani wanalala sebuleni.

Utaratibu wa serikali unasema mtumishi asikatwe mpaka akabaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Utaratibu mzuri, sina ugomvi nao. Kasoro yake ni kwamba unaishia kwenye slipu. Ile theluthi ikishaingia benki, hakuna afisa utumishi wa kuisindikiza mpaka nyumbani, na njiani hapo ndipo alipokaa kausha damu.

Kwa asiyemjua kausha damu, heri yake. Unampelekea kadi yako ya benki na namba ya siri, anakupa laki tatu mkononi bila maswali. Mwisho wa mwezi, kabla wewe hujajua kama mshahara umetoka, yeye ameshasimama kwenye ATM anachukua laki tatu na tisini, anakuachia chenji. Ukiona hali ngumu anakuhurumia, anachukua riba peke yake, elfu tisini, na laki tatu yake inabaki imekaa palepale imekunja nne. Kadi yangu imeishi kwake Mbagala muda mrefu, mimi nilikuwa nakwenda kuitazama kama mzazi wa mtoto wa bweni.

Shemeji akagonga kikokotoo, akasema riba niliyokwisha kumlipa huyo bwana imeshaupita mkopo wenyewe. Hesabu hiyo sikuwa nimemwomba. Mimi ni mtu wa Jiografia.

Kesho yake jioni akanishika mkono tukaenda Mbagala. Kausha damu alitupokea vizuri, akaagiza soda. Shemeji hakuigusa. Akamuuliza kwa upole kabisa, "Kaka, tunaomba kuona leseni ya Benki Kuu." Akamweleza kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha watu lazima awe na leseni, na kwamba Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, siyo 30. Bwana yule akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na leseni ya saluni ya kike. Ilikuwa halali, ina muhuri. Shemeji akaisoma yote kwa heshima, akamrudishia. Dakika chache baadaye tulikuwa tumekubaliana nilipe kilichobaki kwa miezi minne bila riba, na kadi yangu ikarudi nyumbani. Mimi nikanywa soda zote mbili.

Hapo nilidhani mpango ni mtamu. Kumbe tulikuwa bado hatujafika kwenye mikopo ya simu.

Mikopo ya simu ina historia yake. Mwaka 2024, mwezi wa Novemba, Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha watu mtandaoni bila leseni, ikazipiga marufuku. Nilipoiona ninayodaiwa imo kwenye orodha nilisujudu. Nikaifuta kwenye simu, nikajihesabu nimesamehewa na taifa. Wenyewe walikuwa na mtazamo tofauti. Walituma ujumbe kwa kila namba iliyokuwa kwenye simu yangu: mkuu wa shule, imamu, fundi bomba, mganga wa mifugo niliyempigia siku moja kuhusu kuku. "Mwambie ndugu yako huyu arudishe fedha za watu." Aibu yenyewe ningeivumilia. Kilichoniumiza ni majibu. Baba mdogo wa Korogwe alijibu, "Hata mimi namtafuta." Fundi bomba akaandika, "Mkimpata mnijulishe." Wadai niliokuwa nimewasahau kabisa, na wao nilidhani wamenisahau, wakafufuka wote asubuhi moja. Shemeji akafungua ukurasa mwingine.

Kuhusu benki, shemeji akasema tukaombe warefushe muda wa mkopo ili rejesho la kila mwezi lipungue. Wakakubali upesi mno, na benki ikikubali upesi ujue kuna kitu. Rejesho limepungua kweli. Ila mtoto wangu wa mwisho yuko darasa la kwanza, na kwa tarehe tulizosaini, yeye na mkopo wangu watamaliza shule ya msingi pamoja.

Sasa njoo kwenye maisha yenyewe. Mke wangu ameteuliwa mhazini. Nani alimteua sijui, kikao hicho sikualikwa. Mshahara ukiingia anaugawa kwenye bahasha: kodi, chakula, umeme, ada, wadai. Kuna bahasha ndogo kuliko zote imeandikwa "Baba", na kila asubuhi natolewa humo nauli ya kwenda na kurudi na shilingi 1,000 ya chai. Mtu mzima, nina mvi, nasimama mlangoni nimenyoosha mkono pamoja na wanangu, na wao wanapata kwanza kwa sababu wanawahi namba.

Nikitaka zaidi, naandika ombi. Msidhani natania. Ilikuja siku ya Simba na Yanga, king'amuzi chetu kimekwisha muda, nikaomba fedha ya kibanda umiza. Nusu ukurasa, nimeeleza umuhimu wa mechi kwa afya ya akili ya mtumishi wa umma. Likarudi limeandikwa kwa kalamu nyekundu, yangu mwenyewe ya kusahihishia: "Redio ipo."

Nyama imekuwa mgeni wa tarehe maalumu. Siku nyingine ni dagaa, mchicha, maharage, na maharage yaliyobaki. Mke wangu anasema dagaa zina kalsiamu. Nimeoa mwanamke huyu miaka mingi, sijawahi kumsikia akitaja kalsiamu wakati wa nyama.

Na Mangi! Shemeji aliamuru daftari la dukani lifungwe: deni la zamani nalipa elfu ishirini kila mwezi, na kila kinachochukuliwa leo kinalipwa leo. Nikaenda kumweleza nikitegemea atafurahi. Uso ukamshuka.

"Mwalimu, kwani tumekosana?"

Nikamwambia hapana, naweka mambo sawa. Akatikisa kichwa. Kwa mawazo yake, mteja anayedaiwa ni wa kwake, hana pa kwenda. Mteja mwenye taslimu ana miguu, kesho utamkuta Kariakoo ananunua kwa jumla. Zamani akinipimia sukari alikuwa anaongeza kidogo juu ya mzani na kuniuliza habari za shule. Siku hizi anapima mpaka mshale utulie, tena anatoa punje mbili.

Kijiweni nako wamejua. Bodaboda wakiniona natembea kuelekea kituo cha daladala wanaziba midomo yao kwa heshima ili wasicheke. Mmoja tu ndiye alinisogelea, akaniambia kwa huruma kabisa, "Mwalimu, panda tu, utanilipa siku yoyote." Machozi yalinilenga. Huyo ndiye binadamu. Nikamwambia siruhusiwi. Akauliza siruhusiwi na nani, nikaona nimalizie kwa kutembea.

Lakini hakuna kilichonivunjia heshima kama michango. Shemeji aliponiuliza kama kuna ahadi nimetoa, nikasema ahadi siyo deni. Akaandika. Kumbe nilikuwa nimeahidi laki moja harusi ya mwalimu mwenzangu, elfu hamsini sendofu ya binti wa jirani, na kitu fulani kwenye ubarikio ambao mwenye ubarikio sasa hivi ameshaanza kazi. Ikabidi nimpigie mwenyekiti wa kamati ya harusi, niombe kulipa ahadi yangu elfu tano tano kila mwezi.

"Mwalimu," akasema, "harusi ni Jumamosi."

"Mwenyekiti, ndoa ni ya maisha. Haraka ya nini?"

Alikata simu. Jioni kwenye kundi la kamati orodha ikarushwa upya, majina yamepangwa kwa herufi isipokuwa langu, langu limewekwa chini peke yake: AHADI 100,000, ALIPATA UGUMU. Watu wakaweka vile vikatuni vya mikono iliyokunjwa kuomba dua. Kuna aliyeuliza nimelazwa hospitali gani.

Nikajitetea kwa shemeji: na mimi nadai watu, mbona hilo halisemwi? Akafurahi, akasema hilo ni muhimu sana, mali unayodai nayo ni mali. Tukaandika. Orodha ilikuwa nzuri, ikanirudishia utu. Nikaanza na mwalimu wa Kemia, niliyemkopesha elfu themanini enzi zile mimi ni mtu. Nikampigia kwa sauti nzito niliyojifunza kwa wanaonidai.

"Mwalimu mwenzangu," akanijibu kwa upole, "na mimi mke wangu ameniweka kwenye mpango. Nimekukuta kwenye daftari. Umepangiwa Septemba."

Wote waliobaki niliowapigia, ama wako kwenye mpango ama simu zao ziko kwa wake zao. Nimegundua kwamba nusu ya wanaume wa shule yetu tunadaiana hela ileile moja, imezunguka stafurumu mpaka ikapotea, na sasa kila mmoja anailipa kwa awamu.

Mhazini mwenyewe haguswi na haya. Simu yake ikiita namba ngeni anatoka nje kwenda kuongelea nyuma ya nyumba, akirudi anasema ni mambo ya kikoba. Sijamuuliza. Mimi ni nani niulize, mtu wa bahasha ndogo.

Juzi jioni simu yangu, ambayo siku hizi inashinda mezani mbele ya macho ya serikali, ikaingia ujumbe. Mke wangu akauchukua, akausoma kwa sauti: "Hongera! Kwa kuwa unalipa vizuri, kiwango chako cha kukopa kimeongezeka hadi shilingi 350,000. Kopa sasa." Nikaanza kuapa kwamba sijaomba, sijagusa, wametuma wenyewe. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anaitazama skrini amekunja uso.

"Laki tatu na nusu," akasema. "Mbona mimi wananipa elfu sitini tu?"

"Wewe wanakupa akina nani?"

"Maharage yanaungua," akajibu, akaondoka mbio.

Mkaa ulikuwa haujawashwa.

Nikaivuta kaunta buku, nikafungua ukurasa msafi, nikaandika jina la mhazini kwa herufi kubwa na kulipigia mstari kwa rula. Nikampigia shemeji nimjulishe tumepata mteja mpya. Namba inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Ndipo nikasikia sauti ya mama watoto kutoka nyuma ya nyumba:

"Mdogo wangu, lile letu mimi na wewe usije ukalitia kwenye daftari la shemeji yako."