Mkono Usio na Bega: Sanaa Hukamilika Lini?

Ndani ya Castello Sforzesco, mjini Milan, imo sanamu ya marumaru ambayo Michelangelo aliendelea kuichonga mpaka siku chache kabla ya kufa, Februari 1564, akiwa na miaka 88. Huitwa Pietà Rondanini: Maria amemshika Yesu aliyekufa. Pembeni ya miili hiyo miwili umesimama mkono uliochongwa ukalainika, misuli yake ikionekana vizuri, lakini hauna bega. Ni mabaki ya wazo la kwanza. Mzee alibadili nia, akauanza upya mwili wa Yesu, mwembamba zaidi, akiutafuta ndani ya jiwe lililokwisha kuwa la Maria. Mkono wa zamani ukaachwa hapo ulipo.

Wapo wasemao kazi kama hiyo ni pungufu, basi. Fundi akikuletea kiti chenye miguu mitatu utamrudishia. Kwa nini mchongaji asamehewe? Tena wanasema, na hapa wananigusa kweli, kwamba tunachokisifu mara nyingi ni jina. Jiwe hilohilo lingeachwa nusu na mtu asiyejulikana, nani angelisafirisha, nani angelijengea chumba? Sina jibu la kuwashinda. Umaarufu hufunika mapengo mengi.

Lakini kuvutiwa na kazi ya namna hii hakukuanza jana. Katika karne ya kwanza, Plinio wa Roma aliandika kwamba picha ambazo wachoraji walikufa kabla ya kuzimaliza zilithaminiwa kuliko zilizokamilika, kwa kuwa ndani yake mtu aliiona mistari ya awali na mawazo yenyewe ya msanii. Ndivyo ulivyo mkono ule wa Milan. Sanamu iliyong'arishwa hukuonyesha uamuzi wa mwisho tu. Hii inakuonyesha mtu akijibishana na nafsi yake.

Kosa letu, naona, ni kuziweka kapu moja kazi zilizokatizwa na kazi zilizoachiliwa. Mwaka 1965, Alice Neel wa Marekani alianza kumchora kijana aliyeitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Kijana alikaa mbele yake mara moja, na siku ya pili hakurudi. Kichwa kilikuwa kimepakwa rangi, na mkono. Mwili uliobaki ulikuwa mistari mitupu juu ya turubai. Neel hakutafuta mtu mwingine wa kukaa kwenye kiti kile. Aliitia picha saini kwa nyuma, akasema imekwisha. Nami namwamini, kwa sababu mwili ule usiopakwa rangi unasema kilichotokea: kijana ameondoka. Rangi yoyote ya ziada ingekuwa uongo.

Mtunzi wa muziki Mozart hakupata nafasi ya kuamua hivyo. Alipokufa Desemba 1791, sehemu ya Lacrimosa katika Misa yake ya wafu ilikuwa imeishia kwenye vipimo vinane vya mwanzo vya muziki. Mjane wake, Constanze, alihitaji malipo ya kazi iliyokuwa imeagizwa, ikabidi wengine waimalizie, hasa Süssmayr, mwanafunzi wa Mozart. Wakosoaji wamemlaumu Süssmayr kwa zaidi ya miaka 200, na zipo sehemu ambazo udhaifu wake unasikika. Hata hivyo, kwaya haiwezi kuimba kurasa tupu. Bila yeye, watu wengi wasingeisikia misa ile kabisa, na kwangu hilo lingekuwa hasara kubwa kuliko kasoro zake.

Kwa hiyo sipingi kumaliziwa. Ninachopinga ni kuuficha mshono. Puccini alikufa mwaka 1924 opera yake ya Turandot ikiwa haijafika mwisho, na Franco Alfano akapewa kazi ya kuumalizia kwa kufuata vidokezo vilivyoachwa. Aprili 1926, usiku wa kwanza kabisa kwenye jukwaa la La Scala, jumba la opera la Milan, Toscanini aliyeongoza okestra alifika mahali anapokufa Liù, msichana mtumwa katika hadithi hiyo, akasimamisha muziki, akawaambia watu kwamba hapo ndipo mtunzi alipoishia. Mwisho wa Alfano ukasikika katika maonyesho yaliyofuata. Waliokuwamo ukumbini usiku ule waliondoka bila kujua muziki ungemfikisha wapi binti mfalme Turandot, ila walijua kwa hakika kila noti waliyoisikia ilitoka kwa nani.